Taa ya Kwanza

Kibao chenyewe hakizidi kiberiti.
Vojtěch wa ghorofa ya tatu amekiweka mezani
kando ya kikombe changu cha kahawa, akasema:
"Anza na taa. Kila mtu huanza na taa."
Nikacheka. Angejua.

Miaka ishirini na sita nilikaa dirishani
mgodini, hapa hapa Ostrava,
nikigawa taa kwa waliokuwa wanashuka.
Kila taa na namba yake, kila namba na ndoano yake ukutani.
Asubuhi ndoano tupu, jioni zinajaa,
nami nahesabu kabla ya kuvua aproni.

Sasa nahesabu mabano.
Likifunguliwa moja sharti lifungwe,
na mwisho wa kila amri inatakiwa nukta-mkato,
kidudu nilichokisahau tangu darasa la nne.
Nimekisahau tena. Kompyuta imenuna,
imepaka wekundu mstari usio na kosa;
kosa liko mstari wa juu yake.
Kama wifi yangu Drahomíra:
hulalamikia supu, kumbe kinachomkera ni kingine.

Siku mbili kibao hakikuitika.
Nilibadili tundu, nikazima, nikawasha,
nikaomba, nikatukana kwa lugha ya mgodini.
Vojtěch akashuka na soksi, akaishika kebo:
"Hii ni ya kuchajia simu tu.
Umeme inapitisha, maneno haipitishi."
Nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.

Kebo mpya.
Mguu mrefu wa taa upande wa kujumlisha,
mfupi upande wa kutoa, kizuizi katikati,
mistari miwili ya chungwa na mmoja wa kahawia.
Nabonyeza.
Kimya.
Kisha inawaka. Inazima. Inawaka,
si kubwa kuliko punje ya dengu,
na mimi, mzee wa miaka sabini na moja,
nimesimama jikoni mkono mdomoni.

"Elfu moja ni sekunde," anasema. "Badili uone."
Naandika mia tano: inaharakisha.
Naandika hamsini: inatetemeka kama mwenye homa.
Kisha vidole vyangu, bila kuniuliza,
vinaandika mia nne na kumi na mbili.

Ndoano ya 412, safu ya tano, karibu na bomba la joto.
Jioni ile ya Februari nilihesabu mara tatu.
Aproni sikuivua mpaka kukakucha.

"Kwa nini 412?" kijana anauliza.
"Naona inapendeza hivyo."

Amepanda kwao kula.
Nimekisogeza kibao kuelekea dirishani
hadi pale kebo ilipokataa.
Nje theluji inaangukia magari ya watu.
Iwake, izime, iwake.
Sihesabu.

Kesho nitajifunza kitufe.