Bidoni za Nyamugo

Jumapili hakuna moto, lakini Cirhuza anapanda,
kamba begani, anapima vichochoro vyetu.
Tulimcheka: "Fundi, unatushonea kaptula?"
Yeye akaandika tu: hapa hatua tatu,
hapa mlango unafungukia nje,
hapa bibi Nsimire, mguu mmoja, halali kabla ya saa nne.

Usiku ule mbao zilishika kama karatasi.
Gari lao lilikwama chini, kwenye meza za sambaza,
likapiga honi hadi sauti ikakauka.
Mpira ulifika kwa fundi viatu, ukaishia hapo.
Ndipo akaita. Si "nyinyi", majina:
Bahaya, shika! Nabintu, pokea!
Kinyozi, vunja ukuta wako!
Na kinyozi, bahili yule, akavunja.

Nyumba sita zilikwenda. Ya saba ina alama nyeusi ubavuni.
Bibi Nsimire alishuka mgongoni mwa kijana wa zimamoto
akigombana naye kuhusu sufuria.

Asubuhi gari limerudi, safari hii kimya.
Wameleta bidoni zetu, arobaini na moja,
kila moja imejaa maji.
Yangu ilikuwa na ufa.
Wameuziba kwa sabuni.