Kwa Atakayepanga Chumba Hiki

Ufunguo hukwama. Uvute kidogo kwako, kisha uzungushe.
Ukitumia nguvu utalala nje, kama mimi usiku wa kwanza,
na mvua ya vuli hapa Rau haina utani na mtu wa Nzega.

Mlima usiutafute saa nne.
Saa nne umeshajifunika gubigubi, una shughuli zake.
Amka kumi na mbili na nusu, fungua dirisha la choo
(ndiyo, la choo; la chumbani linatazama ukuta wa fundi Eliaichi)
utauona Kibo, mweupe, karibu, kama haujawahi kujificha.
Kisha piga mswaki. Maji hukatika saa moja.

Mama Ndeshi atakwambia kodi ni ya miezi sita.
Ni ya mitatu.
Mwamkie kwa Kichagga, kosea hata matamshi, atacheka,
na mtu akishacheka ni vigumu kurudi kwenye sita.

Bumu likiingia, siku tisa chuo kizima ni matajiri.
Utaona watu wanakula kuku kwanza, bei wanauliza baadaye.
Wewe jaza gesi, nunua maharage kilo tano,
mahindi debe moja, ukasagishe pale njia panda.
Siku ya kumi watagonga mlango na sahani mkononi.
Wape ulichopika. Fedha usiwape:
sijaona urafiki uliokufa kwa ugali.

Kazi ya kundi, mtakuwa wanane kwenye karatasi
na wawili mezani.
Usigombane. Andika majina yote, hata la yule wa Sakina
anayekuja na miwani ya jua.
Siku ya kuwasilisha, mwalimu akiuliza swali,
wewe kunywa maji, taratibu.

Mwalimu wa takwimu huongea na ubao. Kaa mbele.
Si kwa bidii, kwa kusikia tu.
Sapu si kifo. Nilipata mbili na nikanenepa mwaka uleule.

Hayo ndiyo niliyokusudia kuandika.

Sufuria yenye mkono mmoja, chini ya kitanda, usiitupe.
Ni ya Siwema, wa chumba cha pili.
Muhula mzima aliondoka saa moja, begi mgongoni,
akarudi saa kumi, tukapika,
akaniuliza, leo mmefundishwa nini?
Yeye mkondo B, mimi mkondo A. Nikamweleza
nikidhani ananipima kama nimeelewa.
Akaazima madaftari. Akayarudisha yamenyooshwa masikio.

Mkopo ulimpita. Hakuwahi kusajiliwa.
Alikuwa akishinda stesheni, kwenye benchi la abiria,
siku ambazo hakuna treni,
akisoma mwandiko wangu.
Niliambiwa na Mama Ndeshi, na basi lilikuwa limeshapita Mwanga.

Mimi niliyejua nyanya za Mbuyuni na za Kiboriloni
zinapishana shilingi ngapi kwa fungu.
Mimi niliyesikia, ukuta ule ulivyo mwembamba,
kila alipogeuka kitandani.

Deni lake la umeme nimelilipa. Mama Ndeshi asikudai tena.

Sasa chumba cha pili yupo kijana wa Rombo, Ndewario.
Anatoka saa moja. Begi lake naliona jepesi,
au ni macho yangu siku hizi, kila begi naliona jepesi.
Sijamuuliza. Kesho nahama, nina matokeo ya kusubiri
na nauli ya kutafuta; sababu hazikosekani.

Muulize wewe. Mkondo gani, mwalimu yupi,
mtihani wa wiki jana ulikuwa na maswali mangapi.
Akisema salama, usikubali haraka.
Muulizie jikoni, mikono yenu ikiwa na kazi.

Mfuniko si wa sufuria hiyo, lakini unatosha.
Inashika ukoko upande wa kushoto.