Kimo cha Wimbi

Saa nne usiku. Jenereta la hospitali limenyamaza,
umeme umerudi, feni ya kompyuta inahema.
Moshi imelala. Mlima hauonekani dirishani,
upo kwa baridi yake tu.

Mbele yangu, ubongo wa mtu nisiyemjua:
mgonjwa wa kumi na saba, mwanamke, miaka sitini na miwili,
dakika nane ndani ya sumaku, macho wazi, hafanyi lolote.
Hafanyi lolote, na bado kila pembe ya kichwa chake
inapanda na kushuka.

Wilbroad, mwanafunzi wangu, ameacha karatasi mezani:
"Dada Ndeshi, eneo la nyuma linavuma kama mashine ya kukoboa.
Hili la ndani linanong'ona. Nadhani hayajuani."
Neno *hayajuani* amelipigia mstari mara mbili.

Kijana, kesho nitakuambia:
usipime undugu kwa sauti.
Lililo karibu na koili husikika zaidi,
kama aliyekaa benchi la mbele kanisani.
Lenye mishipa minene huvimba zaidi.
La ndani, lililojificha kama kokwa la parachichi,
ishara yake hufika imechoka.
Toa wastani. Gawa kwa mtawanyiko.
Kisha laza mstari juu ya mstari
uone kama inapinda pamoja.

Kwetu Kibosho mfongo ulipita juu ya kihamba
ukagawanyika kwenye jiwe:
mkono mnene kwa baba mkubwa,
mkono mwembamba, upana wa kiganja, kwetu.
Mvua ikinyesha msituni, wake ulinguruma,
wetu ulipanda vidole viwili.
Kiangazi wake ulishuka hadi magotini,
wetu ukaacha tope linalong'aa.
Hakuna aliyesema ni maji mengine.

Nimetoa. Nimegawa.
Sifuri nukta nane mbili.
Linalovuma na linalonong'ona, bega kwa bega,
hata pale yalipositasita, yamesitasita pamoja.

Ningefunga kompyuta hapo.
Lakini Aprili tulipomzika mama kati ya migomba,
kaka Aikaeli alilia hadi wanaume watatu wakamshika.
Mimi nilishika sufuria, nikahesabu sahani,
nikauliza kama chumvi ipo.
Shangazi Apaikunda akasema, wala hakupunguza sauti:
"Huyu wa vitabu ana moyo wa jiwe."

Laiti angenigawa kwa mtawanyiko wangu.
Laiti angeona, kaka alipozama,
kidole changu juu ya mfuniko kilivyozama naye
sekunde ile ile.

Ila hesabu ina deni lake.
Ukilikuza wimbi dogo, unakuza vyote vilivyomo:
pumzi, mapigo ya moyo, kichwa kilichosogea nusu milimita.
Anayenong'ona hufutwa na kikohozi
ambacho anayevuma hata hakisikii.
Kwa hiyo kuna wakati, katika ramani zetu,
mpole huonekana mpweke
kumbe hakusikika vizuri.
Na kuna wakati ni kelele tupu
tuliyoivika kanzu ya maana.
Hilo nalo nitakuambia, Wilbroad,
na utaniuliza tutatofautishaje,
nami nitasema: tumwite mama wa watu, alale tena,
dakika nane nyingine, asitikisike.

Na mimi? Nani atanipima mara ya pili?
Labda kidole kilikuwa kinatetemeka kwa moto wa mfuniko.

Saa tano kasoro nampigia Aikaeli.
Anapokea kwa kishindo, kama anaita mtu ng'ambo ya bonde:
"Ndeshi! Kuna nini?"
"Hakuna kitu," nasema.
Anangoja. Nangoja.
Hakuna anayekata.
Upande wake, nyuma ya kimya,
maji yanapita kwenye jiwe.