Herufi ya Kwanza Kuhama

S ndiyo iliyotangulia kuhama.
Haikuaga, sikuiona ikibeba mzigo.
Siku moja tu Minza akaniita tule sato,
kwangu ikafika ato. Ato gani, mwanamke?
Kisha F. Kisha SH:
salamu za watoto zikaanza kunifikia bila vichwa,
ikamoo, ikamoo,
nami marahaba naitoa kwa kukisia midomo.

Miaka ishirini na mitatu nimesaga Mabatini.
Mahindi, mtama, udaga.
Mtambo ukinguruma, debe tupu hucheza lenyewe sakafuni,
na sisi huelewana kwa vidole:
vitatu, kilo tatu; kiganja kizima, kilo tano;
ngumi, subiri.
Jioni nauzima, lakini kichwani hauzimiki.
Wiiii, hadi usingizini.
Nikasema ni kwinini, si nimeimeza juzi?
Juzi ile ilidumu miaka sita.

Nikachokoa. Kwa njiti ya kiberiti,
kwa unyoya wa kuku, kwa ufunguo wa pikipiki,
nikidhani mlango umezibwa na taka.
Mtu akanishauri mafuta ya sangara, yapashwe.
Mto ulinuka siku nne.

Basi, asubuhi ile
Kang'wa alisimama mlangoni na ungo wake,
akasema jambo mashine ikizunguka.
Nilisikia: Luhende amefika.
"Ah, afadhali!" nikacheka kwa meno yote,
"mwambie nakuja jioni, aniwekee ugali!"
Kang'wa akanitazama.
Ndipo nikausoma mdomo wake,
polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza:
a-me-fi-wa.

Msibani nilikaa ukingoni mwa turubai,
nikitikisa kichwa kila wengine walipotikisa.
Wapo waliosema ninaringa.
Wengine, nimezeeka.
Nina miaka arobaini na minane.

Minza ndiye aliyenipandisha Bugando.
Binti wa vipimo akaniingiza kwenye kichumba kama stoo,
kuta zimevaa godoro.
"Ukisikia mlio, bonyeza, hata uwe mdogo."
Nilibonyeza. Nilibonyeza hata pasipo na kitu,
kwa aibu, kama anayeitikia jina la jirani.

Akanionyesha mchoro:
mstari unatembea tambarare, tambarare,
halafu unaporomoka
kama njia ya mawe itokayo Igogo kwenda ziwani.
"Huku," akasema, akinitazama usoni, bila kupiga kelele,
"ndiko zilikokuwa zinakaa S zako."

Ndani kabisa mna vinywele, alisema,
vidogo kuliko vumbi la unga lililo kwenye nyusi zako.
Kelele hupita juu yake kama ng'ombe juu ya mpunga.
Mara moja, huinuka. Kila siku, hulala moja kwa moja.
Na nta? Nta ni mlinzi,
umekuwa ukimfukuza mlinzi kwa njiti.
Nikauliza dawa. Akakaa kimya,
kimya ambacho nilikisikia vizuri sana.
Ule msemo wa sikio la kufa ukanijia ulimini, nikaumeza:
hili halikufa lenyewe,
nililisaga mimi, debe kwa debe.

Sasa nina kifaa nyuma ya sikio, rangi ya karanga.
Hakirudishi yote.
Sahani zinagombana, suruali yangu inanong'ona nikitembea,
nyenje sijui kama watarudi.
Lakini jana nilishuka hadi kwenye mawe ya ufukweni
na ziwa likanitamkia neno lake zima,
ambalo nusu nilikuwa nimeisahau:
sssh. Sssh.

Jilala, kijana wangu wa mashine, ana miaka kumi na tisa
na masikio ya paka.
Nimemnunulia vikinga masikio, vikubwa, vya rangi ya chungwa.
Wasichana wakija na ndoo zao anavivua.
Nasimamisha mtambo.
Foleni inaguna, jua linapanda, hasagi mpaka avae.
Anavaa, anasema kitu chini kwa chini.
Namwambia, sikusikia.

Nimesikia.