Nai Mbili

*Kaenai koto mo nai*, akasema Bwana Nishiwaki,
kiganja kimejaa ufuta,
akiupuliza vumbi kama anayepoza chai.
Kisha akanyamaza. Zamu ikawa yangu.

Ni hapa Mtama, mji wenye jina la nafaka nyingine.
Watu sabini wa chama cha msingi
wameketi juu ya magunia yao wenyewe
wakinitazama mdomo.

Sentensi ile ina *nai* mbili:
ya kwanza inafunga mlango,
ya pili inarudi polepole, inauacha umeegeshwa.
"Si kwamba haununuliki," nikasema.

"Kwa hiyo ananunua?" Bi Somoe Likwemba, gunia kumi na nne.
Siyo hivyo.
"Basi hanunui."
Wala siyo hivyo.
"Tulikuchangia nauli ya Dodoma ukasome,
leo watuletea si hivi wala si vile?"

Ghala zima likacheka.
Nishiwaki naye akacheka, hajui anachekea nini.

Shuleni walinidanganya:
hasi kwa hasi ni chanya, mwalimu akafuta ubao.
Mdomoni hazifutani.
Hubaki unga wa chaki, na mtu ataukanyaga.

Nikamkumbuka bibi yangu, dukani kwa Abdulrasul,
chupa tupu ya mafuta ya taa mkononi:
"Sisemi kwamba sitakulipa."
Abdulrasul hakuuliza lini.
Alilipima neno lile kama apimavyo sukari,
akatia robo chupa.
Si tupu. Si tele.
Kwa robo ile nilisoma mpaka utambi ukanuka.

"Jamani," nikawaambia,
"mwenzio akikuomba jembe wakati wa palizi
na wewe una shamba lako linakungoja,
hujapata kumjibu: siyo kwamba sikupi?"

Kimya.
Mtu akakohoa.
Bi Somoe akajifunga upya kanga:
"Aa. Kumbe naye ana anayemwogopa."

Wakateremsha magunia mawili, wakapepeta tena.
Makapi yakamrukia Nishiwaki kwenye miwani, hakuyafuta.
Alipiga simu, alisikiliza zaidi kuliko alivyosema,
akaandika tarakimu, akaikata, akaandika nyingine chini yake,
akaificha kwa kidole gumba.

Jua likahama mlango wa mbele, likaingia wa nyuma.
Ada ya shule haijui *nai*, moja wala mbili.
Nilijua hilo. Mwanangu mwenyewe yuko darasa la sita.

"Mwambie," akasema Bi Somoe, hamtazami yeyote,
"si kwamba hatuwezi kusubiri."

Nikageuka.
*Matenai koto mo nai.*

Haikupungua njiani hata punje.
Nishiwaki akainama, kidogo zaidi ya kawaida yake,
akarudisha ufuta guniani, wote,
isipokuwa chembe mbili zilizonata kwenye jasho la kiganja.
Hizo akazitafuna.