Nguzo ya Kumi na Saba

Chini ya Lubin, mita mia tisa,
joto la tanuri,
nguzo ya kumi na saba ni shaba tupu:
pesa iliyosimama wima, imebeba mji.

Ofisini wamemuuliza Bogumiła tena:
tukiinyoa mita moja tu, kila upande?
Akakokotoa. Mzigo haupungui,
unahamia kwa jirani.

Ryszard akainua mtaimbo, akagonga dari.
Jiwe zima hulia kama kengele.
Hatua mbili mbele: bu.
Mwamba ngoma huvutia kwake, wanasema;
lakini mwamba huu wenyewe ndio ngoma,
na kwake ni chini.

Wakarudi kinyumenyume, macho juu.
Wakapigilia boliti nne, wakangoja gundi ishike.
Ryszard akala mkate na soseji, kimya,
akitafuna upande wenye meno.

Kwenye ripoti Bogumiła aliandika: isiguswe.
Akafuta.
Akaandika upya kwa herufi kubwa.

Usiku, huko juu, vikombe vilitetemeka kabatini,
vikatulia.
Mtu akageuza mto, akalala tena,
bila kujua anadaiwa na nguzo.