Kombe la Bombo

Simba wake ana uso wa mbwa aliyekemewa.
Babu Fadhulmula, aliyewahi kumkuta simba wa kweli
kule Karuma, wakiwa watu saba na bunduki moja,
alicheka kila alipolifuta:
"Aliyechora huyu hajakimbizwa."

Kweli, hajakimbizwa. Alikaa kwenye benchi huko Kantoni,
brashi ya nywele tatu mkononi,
mbele yake karatasi iliyotoka Ulaya:
ngao, taji, mnyama mwenye manyoya shingoni,
maneno asiyoweza kuyasoma.
Akanakili kila kitu. Hata tone la wino
lililoidondokea karatasi ya mfalme
akalitia dhahabu.
Lipo hapa, chini ya mkia. Weka kidole.

Mfalme gani? Hatujui.
Vyombo vilikuwa mia tatu na ushei,
vya supu, vya samaki, vya kutazamwa tu,
vikavuka bahari chini ya masanduku ya chai.
Mfalme akafa, wajukuu wakagombana,
vyombo vikatawanyika kama askari wasiolipwa.
Hili moja likaja na mizigo ya mpima ardhi,
likaanguka Entebbe siku ya Krismasi,
vipande vitatu.
"Tupa," akasema bibi wa nyumba.
Babu, mpishi wao, hakutupa.
Mshahara wa Novemba ulikuwa bado.

Fundi Marjani, mziba masufuria,
akalitoboa kwa msumari na subira,
akalipiga pini saba za shaba.
Ukiligeuza utaona mgongo
wa mtu aliyetoka kupasuliwa.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza.
Mwaka wa surua yangu, zahanati ikiwa na mlango
lakini haina dawa,
Mwalimu Rehani aliandika aya kwa zafarani
juu ya ngao, juu ya taji, juu ya mbwa-simba;
mstari ukaupita ufa bila kukatika.
Bibi Bakhita akamimina maji ya waridi, akazungusha.
Nikanywa.
Nikanywa aya, na labda tone la mfalme.

Siku nyingine lilibeba kisra tu.
Na Bibi, akisuka tabaga zake za kufunikia chakula,
alilisimamisha ukutani akaufuata ukingo wake:
pembe, pembe, rudi, pembe.
Mchina alimnakili Mzungu,
Mnubi akamnakili Mchina,
na leo binamu yangu Kaltuma huwaambia watalii
kwamba ni urembo wetu wa asili.
Hasemi uongo.

Jumanne alikuja Ssenkubuge kutoka Kampala,
viatu vikiogopa vumbi, kioo cha kukuzia mfukoni.
Alikuwa amesikia.
Akataja milioni, kisha akanyamaza
ili milioni zitembee sebuleni.
Nami, nisiwafiche, niliziona zikitembea:
mabati, ada ya Swalehe, jino langu hili.

Bibi, macho yake yana ukungu siku hizi,
aligeuza uso upande wa sauti.
"Lilivunjika," akasema.
"Lote?"
"Lilivunjika, mwanangu. Zamani."
Neno lake halikuwa na kosa hata moja.

Mkekani, katikati yetu, tabaga ilikuwa imefunika chakula,
nyekundu, kijani, zile pembe, rudi, pembe.
Ssenkubuge akaisifu, akaipiga picha,
akasimama, akapangusa suruali, akaondoka.

Funika kombe, walisema wahenga,
mwanaharamu apite.
Hawakusema mchuzi utapoa,
wala kwamba aliyepita
alikuwa kijana mwenye adabu
aliyevua viatu mlangoni.

Bibi akafunua.
Nilimega upande wangu nikihesabu mabati.
Kisra ikapungua, ikapungua,
na simba akaanza kutokeza,
sikio kwanza,
akitutazama kama anayesubiri
kuambiwa aketi.